Mayai Yaliyobaki Baada ya Msiba

Fundi seremala alikuwa mtu wa maneno machache, utadhani anayalipia kodi. Mkewe ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba ya nyumba nzima: na wateja, na majirani, hata na kuku wake, wale wekundu wa shingo tupu aliowafuga tangu binti yao akitambaa. Kila mtetea bandani alikuwa mjukuu au kitukuu wa yule wa kwanza, na mama mwenye nyumba aliujua ukoo wao kuliko alivyoujua wa wakwe zake.

Alipofariki, watu walijaa uani, na watu ni wa kulishwa. Shemeji mmoja mwenye kiherehere akashika kisu. Kufikia maziko, banda lilikuwa jeupe, jogoo kwa mitetea. Hakuna aliyemuuliza fundi. Kilichosalia ni bakuli la mayai juu ya kabati la jikoni.

Wageni walipotawanyika, binti, ambaye ni mshonaji na cherehani yake iko barazani, alilishusha lile bakuli akaweka kikaango motoni.

"Usivunje," baba yake alimwambia. "Hao ndio kuku wa mama yako waliobaki."

Siku hiyohiyo fundi alitengeneza sanduku la mbao, akatia balbu, sahani ya maji na kipimajoto cha kuazima. Kwa penseli yake ya kazi aliweka alama upande mmoja wa kila yai. Binti alisimama mlangoni akitazama. Wote wawili walishamsikia marehemu akisema kwamba yai lisipogeuzwa, kifaranga huganda kwenye ganda. Nani atakayegeuza, hawakulizungumza. Tangu maziko walikuwa wakiambizana habari za chumvi na maji ya kuoga, basi.

Kila alfajiri fundi aliyageuza kabla ya kwenda karakana, na kila jioni akayageuza tena. Kila akirudi alimkuta binti ameinamia cherehani, hata uso hainui. Ilimuuma sana. Mama mtu amekwenda, aliwaza, na huyu anashona tu. Lakini akameza.

Wiki tatu zikatimia, zikapita. Walisogeza viti karibu na sanduku wakangoja japo mlio mmoja. Wapi! Mwishowe fundi alitoa yai, akalipasua polepole kwa ncha ya patasi. Kifaranga kilikuwemo, kimeota manyoya, kimegandamana na ganda upande mmoja, kimekufa. La pili vilevile. Akayapasua yote.

"Haya hayakugeuka," alisema. "Na mimi nimegeuza asubuhi na jioni!"

Binti alijiziba mdomo. "Wewe? Baba, mimi ndiye niliyekuwa nageuza. Asubuhi ukishatoka tu. Jioni ukiingia kuoga. Nilidhani umeshayasahau."

Fundi akazitazama zile alama za penseli kwenye vipande vya maganda. Yeye akigeuza, binti akirudisha, na hakuna kati yao aliyekumbuka alama aliziacha upande gani. Mchana kutwa na usiku kucha mayai yalilala upande uleule, na walezi yalikuwa nao wawili.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenijibu?"

Fundi akajiachia sakafuni karibu na sanduku, mtu mzima yule, akalia kwa sauti. Hata makaburini hakulia hivyo.

"Nisingekujibu, mwanangu," alisema alipoweza.

Binti akaketi kando yake. Kuku wa mama walikuwa wamekwisha, na hakuna soko ambalo lingewarudisha. Wakakaa hivyo mpaka balbu ikaanza kuwaunguza magoti, binti akanyoosha mkono kuizima.

"Baba. Siku ile ya mwisho ya mama hospitali, ulikuwa peke yako naye," alisema. "Alisema nini?"

Fundi alifuta macho kwa kiganja chenye vumbi la mbao, akaanza kumweleza.