Duara Mahali pa Pembetatu

Baba alinipa hadi mwisho wa likizo ya Agosti: nihamie uuguzi, au nisahau habari ya kurudi chuoni. Kwake anthropolojia ilikuwa kozi ya kuhesabu watu waliokwisha kufa. Wateja wa duka lake la mbegu pale Mukuyuni walipomuuliza ninasomea nini, alijifanya hajasikia.

Mimi nami nina kichwa kigumu, nimerithi kwake. Alipokwenda Zombe kumwona mama yake, ambaye sisi wajukuu tunamwita susu, nilimfuata na kazi yangu ya likizo. Nilitakiwa kuchora ukoo wangu wa vizazi vitatu, wanaume kwa pembetatu na wanawake kwa duara, kisha kila niliyemhoji atie sahihi kwamba amekubali.

Baba akaenda kurekebisha zizi la mbuzi. Mimi na susu tukaketi mlangoni pa jikoni tukichagua ndengu. Nikaanza kuchora pembetatu ya mume wake, yule babu ambaye Baba alituambia alifia Makindu akifanya kazi ya reli.

"Hapo weka duara," susu akasema.

Nikamweleza kwa upole, kama anayefundisha mtoto, kwamba duara ni mwanamke. Nikarudia mara ya pili.

"Nimesikia. Ni mwanamke alinioa. Weka duara."

Ungo uliniponyoka, ndengu zikamwagika zote. Muhula uliopita mhadhiri alitufundisha ndoa hiyo hiyo: mwanamke asiye na mtoto anaoa mwanamke mwenzake, analipa mahari, na watoto wanaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake na kubeba jina lake. Niliandika haraka haraka ili nipite mtihani, nikidhani ni mambo ya watu wa mbali huko. Kumbe nilikuwa naandika habari za kwetu! Nilifurahi mno. Nikamwaga maswali kuliko ndengu: nani alipeleka mbuzi wa mahari, walipokelewa vipi, yeye mwenyewe alikubali?

"Nilikubali. Alikuwa mpole, na shamba lake lilikuwa zuri."

"Na mbona hukutuambia?"

"Nani aliniuliza? Babako walimcheka shuleni, akaacha kuuliza."

Hapo nikaelewa kitu ambacho nimekiona maisha yangu yote. Jina la pili la Baba ni la mwanamke huyo aliyemwoa susu, na kila mahali huliandika kwa herufi moja tu. Babu wa reli, Baba alikuwa amemtunga mwenyewe.

Nyundo kule zizini ilikuwa imenyamaza. Baba alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Mama, si yule mama mzee alikuokota tu, ukiwa na mimba yangu?"

"Kuokota?" Susu alikasirika kweli. "Mbuzi walitoka hii boma wakaenda kwa baba yangu. Wewe ulizaliwa kwa ndoa. Wewe ni wa hii nyumba."

Baba akanigeukia. "Hii mambo iko kwa vitabu vyenu?"

"Iko, Baba. Tumefundishwa. Ni ndoa kamili."

Akavuta kigoda, akaniambia nimweleze. Nilieleza kwa pupa, nikiruka huku na huku kwa furaha, naye akanirudisha nyuma mara mbili ili asipitwe na neno. Sijawahi kuwa na mwanafunzi kama yule. Nilipomaliza alilitazama lile duara nililochora, kisha akauliza fomu ya sahihi iko wapi.

"Na hiyo kozi yako," akasema akiiweka fomu juu ya goti, "umalize."

Nilitarajia jina moja na herufi moja. Aliandika jina la kwanza upesi, kama kawaida yake. La pili aliliandika lote, polepole, akikaza kalamu. Akanipa karatasi bila kuniangalia.

"Soma kama nimeandika vizuri," akasema. "Sijaliandika tangu shule."