Somo la Nafasi

Tulikaa watu saba katika fleti moja ya Berea, Johannesburg, na kati ya chumba changu na cha mwalimu palikuwa na ubao tu. Akikohoa, nampa pole bila kuinuka kitandani. Alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mtu mzima wa kunizaa, aliyefundisha falsafa kwao miaka mingi na sasa analinda geti la ofisi Randburg. Mimi mwanamke wa Tanga, fundi cherehani, kibanda changu kilikuwa Malvern, Jules Street.

Kilichomkera mwalimu ni kimoja: hakuwa na mwanafunzi. Alikuwa na somo lake, aliloliita somo la nafasi, akitaka kumfundisha japo mtu mmoja, mwanzo hadi mwisho, kabla hajafa. Alisema hivyo hivyo, kabla hajafa, na mimi nikacheka. Kati yetu wote akanichagua mimi. Labda ni huu ubishi wangu.

Kipande cha kwanza alinipa jikoni, Jumapili moja asubuhi mwaka 2016, anasonga ugali, bukari kama wanavyouita wao. Akaniambia neno shule sisi Watanzania tumerithi kwa Wajerumani. Wakongo kwao husema masomo. Wajerumani nao walilipata mbali, kwa Wagiriki wa kale, na kwa Wagiriki maana yake ilikuwa nafasi. Yaani muda ulio wako mwenyewe. Kuwa na shughuli, wao walikuita kukosa nafasi. Mtu huru wa Athens akipata nafasi hakwenda kulala. Alikwenda kwa wenzake kuamua mambo ya mji, kubishana, kutazama maigizo, kufikiri. Kupumzika ni ili urudi kazini, alisema, lakini nafasi si kwa ajili ya kitu kingine chochote.

Nikamuuliza, na hao waungwana wakiwa mkutanoni, nani alikuwa anawapikia? Akaacha mwiko. Watumwa, akasema, na wanawake. Nikamwambia basi mimi ningekuwa jikoni na yeye getini, somo lenyewe halituhusu. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hapo hasa ndipo somo linapoanza, nije Jumapili nyingine anipe lote.

Nikamjibu nikipata nafasi nitakuja. Wala sikujisikia nilichosema.

Jumapili zikapita. Kibanda nafungua siku saba, na Desemba ikifika nashona sare za shule mpaka vidole vinakufa ganzi. Alikuwa akigonga ubao taratibu, akiuliza, mama, leo? Namwambia mwalimu, sina nafasi, tena nasema kwa maringo kama mtu anayetangaza cheo. Siku moja akanikuta na hasira zangu, nikamwambia yeye kutwa nzima amekaa tu getini, nafasi yote ya Johannesburg anayo yeye.

Alikuja akasimama mlangoni kwangu.

"Miye niko naikala pale," alisema, "lakini ile wakati si yangu."

Akarudi upande wake. Hakugonga tena, na mimi, Mungu anisamehe, niliona nafuu.

Baridi ya mwaka 2018 kiharusi kilimpiga akiwa kazini. Niliposikia nilifunga kibanda saa nne asubuhi, Jumamosi, wateja wamesimama mlangoni. Hospitali nikamkuta upande wa kulia wote umekufa, mdomo umepinda. Muuguzi akaniambia anasikia vizuri, ila maneno hayatoki.

Nikavuta kiti. Nikamwambia, "Mwalimu, nimekuja. Nipe somo lote."

Akafungua macho, akaanza. Alifundisha, wallahi. Mkono wa kushoto unapanda na kushuka, ananyamaza kidogo kungoja swali, anaendelea. Sauti ilikuwa mikoromo tu na mate, nikawa namfuta kwa ncha ya khanga. Nilitega sikio nipate hata neno moja nililoweza kulishika. Sikupata. Nililia, lakini niligeuza uso asione. Ilichukua karibu saa nzima, kisha akatulia, akanikazia macho, na nikajua ananiuliza kama nimeelewa.

"Nimeelewa, mwalimu," nikamwambia. "Lote."

Akanibana vidole kwa ule mkono mzima, akafumba macho, ameridhika. Alikufa Jumatatu, akijua ameacha mwanafunzi.