Njia Niliyoiacha Wazi

Siku moja kabla mambo hayajaharibika, dada yangu Luiza alinichapa kwa sababu ya tawi la majani.

Kijiji chetu kilikuwa juu, kwenye uwanda wa Wamakonde kaskazini mwa Msumbiji, na maji yalikuwa chini bondeni. Ukiondoka alfajiri na mtungi, unarudi jua likiwa utosini. Desturi yetu ilikuwa kwamba anayetangulia, akifika njiapanda, huvunja tawi na kulilaza kwenye njia ambayo hakuifuata, ili wa nyuma wasipotee. Desturi hiyo tuliiita kufunga njia. Siku hiyo nilitangulia mimi, nikasahau, na Luiza akazunguka na mtungi wake mpaka kwenye mihogo ya watu. Aliponipata alinichapa miguuni kwa kijiti, kisha akacheka mwenyewe.

"Wa nyuma hana macho ila yako," aliniambia. "Njia ukiiacha wazi, umeniita nipite."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu hivi. Yeye alinizidi minne, alikuwa ameshachanjwa chale za uso na kuposwa, na alijiona mtu mzima sana.

Kesho yake askari wa Mreno walichoma kijiji. Siku hiyo siisimulii, wengi wameshaisimulia. Tulikimbilia msituni, na huko wakatukuta vijana waliokuwa wameanza kupigana. Walitutazama wasichana, wakaona shingo zilizozoea kupanda mlima na maji, wakacheka kwamba wamepata malori. Tukawa wachukuzi. Tulibeba makasha ya risasi kutoka Mto Ruvuma kuyapeleka ndani, juu ya ngata zilezile za mitungi. Kiswahili changu nilikiokota kwenye misafara hiyo, maana tulitoka makabila mengi.

Watu husema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Sisi hatukuwa nyasi. Tulitaka Mreno aende kwao, na tulijua kilichokuwa ndani ya makasha. Nalisema hili kwa sababu huku Stockholm, Uswidi, nimekutana na watu wema wanaonihurumia wakidhani nililazimishwa.

Safari ninayoikumbuka kuliko zote ilipita bonde letu la zamani. Tulikuwa wachukuzi kumi na wawili na wapiganaji watatu. Niliwekwa mbele kwa sababu nilizijua njia. Asubuhi, Mama Verediana, mkubwa kuliko sisi sote, alichomwa na mwiba kwenye kisigino. Luiza akatua kasha lake ili autoe.

"Tangulieni," alisema. "Mdogo wangu yuko mbele, hatupotei."

Tukawaacha. Mbele kidogo tulikutana na mjumbe anayetweta. Alimwambia kamanda wetu mambo mawili: njia ya kwenda kwenye maji ilikuwa imetegwa mabomu, na askari walikuwa wamejifunza kuyasoma matawi yetu. Tulipofunga njia moja, wao walitufuata kwa ile ya pili.

"Kuanzia sasa hakuna kufunga njia," kamanda alisema.

"Na walio nyuma?" niliuliza.

"Nitamwacha mtu awangoje."

Tulifika njiapanda. Kushoto ni majini, kulia ni msituni. Nilikuwa nimeshavunja tawi, mkono ulifanya wenyewe. Nililitazama. Nikalitupa kichakani.

Mpiganaji mmoja akabaki pale, amechuchumaa, sisi tukashika ya kulia.

Ndege ikaja.

Tulikimbia. Yule aliyebaki alikimbia nasi. Simlaumu, ndege ile ilipita chini hata majani yakalala.

Ilipoondoka tulijikuta tumetawanyika. Kamanda akaanza kutuita mmoja mmoja kwa mluzi. Hakuna aliyerudi njiapanda. Nilisema, "Kamanda, dada yangu." Akasema, "Subiri."

Tukasikia mlipuko mmoja tu, upande wa majini.

Alasiri Mama Verediana alitufikia akichechemea, peke yake, hana kasha. Mkononi alishika ngata ya Luiza. Alinipa, akakaa chini.

"Alisimama akazitazama njia zote mbili," alisema. "Akasema, 'Mdogo wangu hii hakuifunga. Wamekwenda kunywa maji.' Akatangulia yeye, mwanangu. Aliniambia nifuate polepole kwa ajili ya kisigino."

Sikuweza kulia. Nilivaa ile ngata kichwani, nikabeba kasha langu mpaka lilipotakiwa kufika.

Kamanda aliniambia nilifanya vyema. Nilitii amri, askari hawakutufuata, risasi zilifika. Yote hayo ni kweli. Inawezekana kwamba ningelaza lile tawi wangetufuata na kutumaliza sote. Inawezekana pia kwamba siku ile hapakuwa na askari hata mmoja karibu, na tawi lingeonwa na Luiza peke yake. Nimezeeka bila kujua. Nchi ilipata uhuru, nami nilicheza ngoma siku hiyo pamoja na wengine, na sijutii kwamba tulipigana. Aliyemposa Luiza alioa kwingine, na hakukosea. Kaburi la Luiza sijaliona kamwe, kwa kuwa pale hapakukanyagika kwa miaka mingi. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi sijaribu kuyazoa. Ila dada yangu nilimpenda kuliko mtu yeyote, na alikufa kwa kuniamini.

Sasa naishi Hallunda, pembezoni mwa Stockholm, na binti yangu Neema. Anafanya kazi Sundbyberg, upande wa pili wa jiji, siku za kazi namwona jioni tu, lakini Jumamosi za vuli tunakwenda kuchuma uyoga nyuma ya magorofa. Wenyeji wanapaita msitu. Mimi hutangulia, na kila njiapanda navunja tawi, nalilaza. Miaka mingi Neema aliyaruka tu, akidhani ni mambo ya uzee. Mwaka huu akachoka.

"Mama, watu wanapita hapa na baiskeli. Ataanguka mtu, halafu tutaandikiwa barua na kommun, hao wa halmashauri."

"Basi na waandike."

"Lakini kwa nini unafanya hivi?"

Tukakaa juu ya jiwe nikamweleza, kama nilivyoeleza hapa. Alikuwa anajua kwamba nilikuwa na dada aliyefia vitani. Zaidi ya hapo sikuwahi kumwambia. Alisikiliza, akiondoa majani kwenye uyoga mmoja uleule.

"Alifananaje?" aliuliza mwishoni.

"Kama wewe ukikasirika."

Tukarudi nyumbani kupika.

Jumamosi iliyofuata goti lilinisumbua, Neema akatangulia kwa miguu yake mirefu. Nilipofika njiapanda alikuwa ameshapotea machoni. Kwenye njia ya kushoto palikuwa na tawi la msonobari, limelazwa ovyo pembeni, nusu ya njia iko wazi. Luiza angemchapa. Nilisimama pale nikalia kwa sauti, kilio nilichoshindwa kulia siku ile niliyopewa ngata.

Kisha nikalisogeza lile tawi kwa fimbo mpaka likaziba njia sawasawa, nikashika ya kulia.