Kuku wa Upande wa Maji

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini kuku nawajua. Kila kiangazi, vumbi la malori ya madini likianza kutuziba pua hapa Kolwezi, ugonjwa nao unaingia: kuku anaharisha kijani, anapinda shingo, anakufa. Mimi huponda alovera na pilipili, nachuja, nawanywesha. Wengine wanapona. Majirani walinicheka, "Mama munganga wa kuku," kisha wakaja na vikombe kuomba.

Mjukuu wangu, binti wa marehemu mwanangu, anasomea udaktari wa mifugo. Kazi yake ya kumaliza chuo aliichagua mwenyewe: kupima dawa ya bibi yake, Nkambo kama anavyoniita. Nilijivuna mpaka kanisani. Alinunua kuku ishirini Lubudi, akawagawa kwenye vibanda viwili uani kwangu. Kulia dawa, kushoto maji matupu.

"Na hawa ba kushoto?" nikamuuliza.

"Ni ba kulinganisha, Nkambo. Kama bamekufa bengi kupita ba kulia, tutajua dawa yako iko na nguvu."

"Basi unangojea bakufe."

"Nkambo, usiguse kitu."

Ugonjwa ulifika wiki ya pili. Wale wa kushoto walifumba macho, mabawa yamelegea, na sufuria ya dawa iko hatua tano tu. Zamani surua iliingia nyumbani mwangu, ikawashika wanangu wawili, na vidonge vilitosha mtoto mmoja. Nilimpa mmoja. Yule mwingine alinitazama nikimpa mwenzake, na ndiye niliyemzika. Macho yale ninayo mpaka leo.

Kila asubuhi mjukuu akienda bombani kuchota maji, niliwashika wa kushoto mmoja mmoja, nikawanywesha dawa kwa kijiko, nikawafuta midomo.

Walikufa saba kulia. Walikufa saba kushoto. Mjukuu alihesabu mara mbili, akaandika.

"Ni sawasawa, Nkambo," akasema kwa sauti ndogo. "Dawa haiko na nguvu. Unisamehe."

Yeye ndiye anayeomba msamaha. Hapo nikashindwa.

"Mi nilibapa dawa," nikasema. "Ba kushoto. Kila siku, na kijiko."

Hakulia, wala hakunifokea. Angenifokea ningeshukuru. Alifunga daftari. "Sasa hatujue kitu," akasema. "Pengine dawa iliponya hawa sita. Pengine bangepona benyewe."

Wenzake wamemaliza chuo. Yeye ameambiwa arudie kiangazi hiki. Vibanda amevijenga Lubudi, kwa shangazi yake. Aliniomba chupa mbili za dawa, nimeponda, nimetuma. Hakuniambia nije.

Wale sita wanachakura uani, wamechanganyika, simjui wa kulia wala wa kushoto. Juzi jirani alikuja na kikombe. Nikamjazia. Akaniuliza kama inaponya kweli, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwambia sijui.