Sakafu Iliyoanzia Mlangoni

Kampuni ya madini ilipokuwa inakufa, wakubwa wake waliamua kugeuza karakana moja ya zamani, hapa Kolwezi, iwe apartima, yaani nyumba za kupangisha, za kisasa. Mimi nilikuwa nimesomea sosholojia chuo kikuu, kwa hiyo nilikabidhiwa funguo. Kazi yangu ilikuwa kutembeza wageni na kusifu mabafu, mimi ninayeoga kwa ndoo.

Asubuhi moja alikuja fundi wetu wa sakafu akiwa na mkewe na watoto wawili. Vijana waliokuwa wakiwafukuza watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wamewatoa nyumbani kwao. Fundi alizaliwa hapa hapa. Kasai aliijua kwa kusimuliwa tu. Kituo cha treni, walikokimbilia waliofukuzwa, kililindwa na askari, lakini barabara ya kwendea huko ilijaa vijana wenye marungu. Nikawaficha katika apartima ya mwisho, ambayo fundi alikuwa hajaimaliza sakafu, kisha nikaenda langoni kutetemeka.

Kundi likafika na mapanga.

"Tata," wakaniita kwa heshima, "tunatafuta batu."

"Watu hakuna," nikajibu. "Kuna apartima."

Hofu hunifanya niseme sana. Nikaanza kuwatembeza.

"Kila moja iko na choo yake mule ndani?" mmoja akauliza.

"Choo, bafu, jiko."

"Basi iyi ni ya mi!"

"We? Utafugia mule mbuzi!"

Wakacheka, wakaanza kugawana vyumba, nami nikimkubalia kila mmoja. Nikadhani nimeshinda, mpaka tulipofungua mlango wa mwisho.

Sakafu nzima ilikuwa saruji mbichi, imelainishwa vizuri. Nikaelewa mara moja: nani angeharibu sakafu ya nyumba anayotaka kuhamia? Nilikaribia kumsifu fundi kwa sauti. Kisha nikaona kosa lake. Fundi huanzia ukuta wa mbali, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, atoke. Hii ilianzia mlangoni petu na kuishia kwenye mlango wa bafu, uliofungwa.

Kijana mmoja, suruali yake imejaa madoa ya saruji, akachuchumaa akaitazama.

"Tata shefu, fundi alitokaka wapi?"

"Dirishani," nikasema.

Dirisha lilikuwa na nondo. Sote wawili tuliziona.

"Kuko nini?" wenzake wakauliza nyuma yetu. "Tuingie?"

Akainuka polepole. "Musikanyage. Mutaharibu nyumba ya batu."

Wenzake wakageuka. Alipokuwa akinipita aliniambia chini chini, "Kesho asubui itakuwa imekauka, tata. Na bale batarudia."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananionya kwamba wenzake watarudi, au ananitishia. Nilisubiri kelele zao zipotee upande wa soko, ndipo nikaita. Sauti ya fundi ikatoka bafuni:

"Bamekanyaga?"

"Hapana, tata."

"Aksanti Mungu."

Alifurahi kweli. Kisha akafungua mlango, akambeba mtoto mdogo mgongoni, akaikanyaga sakafu yeye mwenyewe. Mkewe akafuata na yule mkubwa, viatu mkononi.

Hatukungoja kesho. Tulipita nyuma ya maghala, kwenye majani marefu, nikisimama kila niliposikia mtu akikohoa, hadi tukawaona askari wa kituoni. Watu walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao hadi kwenye reli, na treni haikuwepo. Fundi akatafuta nafasi. Mkewe aliketi chini, akamvuta yule mtoto mkubwa karibu, akaanza kukwangua saruji kwenye vidole vya miguu ya mtoto kabla haijakauka. Nilipoaga hakuinua kichwa.