Mlango wa Tumpe

Nimehamisha watu kwa Fuso miaka kumi na moja, na sijawahi kuona mtu aking'oa mlango wa mbele akahama nao. Tumpe aling'oa mlango na fremu yake. Akaezua na bati zote, kuta za nyumba yao kule kijijini Kalenga zikabaki zinaangalia mawingu.

"Jailos, mlango uweke juu," aliniambia. "Usilaliwe na kitu."

Tumpe ni Mnyakyusa wa Tukuyu, fundi cherehani. Mumewe, Marcelino, alipofariki, shemeji yake Sosthenes alimwambia arudi kwao na nguo zake tu. Kesi ikafika kwa mwenyekiti wa kijiji. Akaamua kiwanja na tofali ni vya ukoo, ila alichonunua Tumpe ni chake. Mlango ule wa mninga aliupata kwa kushona sare za shule misimu miwili. Sosthenes akaapa mbele za watu kwamba mlango hautafika Tukuyu, na mimi nikamchukia tangu siku hiyo, ingawa hajanikosea kitu.

Tulipofika Nyororo springi ikakatika. Niliiona imechoka tangu Ipogolo, nikajidanganya kwamba itafika. Ilibidi tushushe vyombo vyote kando ya barabara, na spea ya kutoka Makambako ikasemekana itakuja kesho. Upepo wa huko unaujua mwenyewe kama umewahi kupita. Kwa aibu nikamwambia, "Mama, nenda kalale gesti, mimi nitalinda."

Akaniangalia kama nimemtukana. "Nikalipie kulala, na nyumba ninayo?"

Kabati akaliweka huku, makochi akayapanga kule, bati juu, mawe juu ya bati. Nyuma akatundika kitenge. Mbele akausimamisha mlango ndani ya fremu yake, akaifunga kwa mipira ya baiskeli, kisha akafagia kizingiti! Watu wa mabasi walichungulia wakicheka. Tumpe aliwapungia mkono. Asubuhi alipika viazi, akaingiza cherehani ndani, akaanza kushona kana kwamba yuko Kalenga.

Mchana wa siku hiyo ya pili nilikuwa chini ya gari nikifunga springi mpya. Coaster ya kutoka Iringa ikasimama, akashuka Sosthenes, nadhani watu wa mabasi walimfikishia habari, amevaa koti la kanisani na kamba begani. Sikuhitaji kuuliza kamba ni ya kufunga na kubeba nini. Alikuja mbio mbio, nami nikashika spana vizuri.

Alipofika mlangoni akasimama. Angeweza kuzunguka nyuma, pale pana kitenge tu. Angeweza kusukuma bati kwa mkono mmoja. Lakini mlango ulikuwa umefungwa na ndani kuna mwanamke, shemeji yake, na Sosthenes pamoja na ubaya wake wote alilelewa na mama. Akainua mkono, akagonga.

"Hodi."

Cherehani ikanyamaza, halafu ikaendelea.

"Hodi, shemeji."

Cherehani inaendelea. Nilitamani kucheka, nikauma mdomo. Hodi ya tatu isipoitikiwa, mtu mwenye adabu anaondoka, na yeye alilijua hilo kama ninavyolijua mimi.

"Hodi!"

"Unapiga hodi kwa nani, shemeji?" Tumpe aliuliza kutoka ndani, taratibu.

"Kwako, Tumpe. Fungua."

"Jailos! Umesikia? Kasema kwangu."

"Nimesikia, mama!" nikapaza sauti kutoka chini ya gari, na wauza mahindi ng'ambo ya barabara wakaitikia kwamba na wao wamesikia.

Sosthenes aliutazama mlango, akaitazama kamba yake. Keshakiri mbele za watu kwamba pale ni kwa Tumpe. Alivuka barabara akakaa juu ya jiwe, akasubiri gari la kurudi Iringa, na mlango haukufunguliwa mpaka lilipomchukua.

Nilipomaliza kazi nikasikia harufu ya chai. Mikono yangu ilikuwa na grisi, nikaifuta kwenye suruali, nikaenda nikasimama mbele ya mlango.

"Hodi," nikasema.

"Karibu, baba," akaitikia, akanifungulia.