Somo la Nyanya na Sauti ya Afande

"Mtoto akimaliza somo lako, atafanya nini ambacho jana hakuweza?"

Hilo ndilo swali la kwanza aliloniuliza yule mwanamke wa Jinja, na nilimchukia papo hapo. Mimi ni Mkenya, nafundisha Kiswahili Mbale, ng'ambo ya mpaka, na nilikuwa nimekwenda kwake na mabegi mawili ya vitabu nikidhani tunakwenda kuunda masomo ya vishikwambi, yale masomo ambayo mtoto anayasikiliza na kuyatazama kwenye kioo. Kazi yake yeye ilikuwa kuyasanifu.

"Atajua maamkizi," nikamjibu.

"Kujua sikuoni, Mwalimu. Nipe kitu ninachoweza kukiona kwa macho."

Kwake somo halikuwa zuri mpaka lijaribiwe. Kwanza uwaulize wanafunzi wanahitaji nini, kisha utunge, ulipeleke darasani, ukae nyuma kimya utazame linapokwama, urudi ulirekebishe, ulipeleke tena. Hapo kwenye kukaa kimya ndipo mimi niliposhindwa.

Tulihitaji sauti. Jirani yangu Nkoma alikuwa askari magereza mstaafu, mtu wa kaskazini, mpole kiasi cha kuwabembeleza kuku wake waingie bandani. Kila mtu alimwita Afande. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, lakini kilisikika hata mvua ikipiga mabati. Nilimwandikia sentensi fasaha, akazisoma kwa moyo wote, nasi tukaenda kuzijaribu katika shule moja ya msingi Buwenge. Afande alikuja nasi, kavaa koti, kama bwana harusi.

Nikawasha spika.

"HABARI ZA ASUBUHI! SIMAMA! SEMA JINA LAKO!"

Darasa zima likasimama. Likasema majina yote kwa pamoja. Sauti ikauliza, "UNATOKA WAPI?" na mvulana mmoja wa mbele akaanza kujitetea kwa Lusoga, lugha ya kwao, kwamba alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda chooni. Watoto wa darasa la jirani nao tukawasikia wakisimama, viti vikiburuzwa. Mpishi akachungulia dirishani, mwiko mkononi, akauliza nani amekamatwa.

Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Mwenzangu wa Jinja hakucheka. Alikuwa akimtazama mwalimu wa darasa, mama aliyekaribia kustaafu, ambaye alikuwa ametoka nje pole pole na kuegemea ukuta.

Tukamfuata. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiyo sauti naijua. Nilikuwa msichana mdogo. Wanajeshi walisimamisha basi letu barabarani, wakamteremsha baba kwa Kiswahili hicho hicho. Alirudi, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo lugha hiyo sijaitia kinywani."

Afande alikuwa nyuma yetu, amesikia yote. Koti lake likaonekana kubwa kuliko yeye. Nilidhani atasema ile miaka hakuwa jeshini, jambo ambalo lilikuwa kweli. Badala yake akavua kofia.

"Mama," akasema, "mimi najua Kiswahili ya kambi tu. Hii ingine hakuna mtu alifundisha mimi. Wewe nataka mimi naongea namna gani?"

Mama yule akamgeukia. "Kwanza," akasema, kwa Kiswahili, "punguza sauti. Mimi si kiziwi."

Mwenzangu wa Jinja akanikanyaga mguu ili nisiseme kitu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipokaa kimya kama alivyonifundisha.

Tulirudi kwenye mwanzo wa kazi. Tuliwauliza watoto wangependa kufanya nini kwa Kiswahili, na hakuna aliyetaja maamkizi yangu. Walitaka kununua vitu kwa wafanyabiashara wa Kenya bila kudanganywa. Basi tukatunga somo la sokoni: Afande auze nyanya, mama anunue. Mama alikubali kwa sharti kwamba asisomeshwe karatasi.

Siku ya kurekodi tuliziba madirisha kwa magodoro. Afande akaanza vizuri, kwa sauti ya chini, akimkaribisha mteja.

"Nyanya hizi unauza ama unatupa?" akauliza mama.

"Mama, hii ni ya leo asubuhi."

"Asubuhi ya mwaka gani?"

Hilo halikuwa kwenye mpango. Afande akatetea nyanya zake kama mtu aliyezipanda mwenyewe, mama akajifanya anaondoka, Afande akamwita arudi, na mwisho wote wawili walikuwa wakicheka hadi hakuna neno lililosikika. Nikasema tukate kile kicheko. Mwenzangu akasema, "Tutajaribu vyote viwili, tuwaachie watoto waamue."

Tulijaribu katika shule moja ya Nakaloke. Somo lisilo na kicheko watoto walilisikiliza kwa heshima. Lile lenye kicheko waliliomba tena na tena, kisha wakaanza kulifanya wenyewe, na kwa macho yangu nikaona kile nilichoulizwa siku ya kwanza: binti mmoja mwenye haya alikwenda kwa mwenye uji wa shule, akatazama kikombe chake, akasema, "Uji huu unagawa ama unaonjesha?"

Aliongezewa. Mwalimu mkuu alitulalamikia kidogo, lakini alikuwa akitabasamu.

Masomo yameendelea. Afande hupanda teksi kwenda Buwenge akiwa na kopo la simsim ya kusaga, yaani ufuta, zawadi kwa mama, na kutoka hapo mama humsahihisha ngeli njia nzima hadi studio ya Jinja. Sasa wanarekodi somo la hospitali. Mama ni daktari, Afande ni mgonjwa, na mpaka leo hatujamaliza, kwa sababu kila mgonjwa akitaja anapoumwa, daktari anamwambia haamini.